Acheni Mbao Inywe Maji

Mwaka huu nimemkabidhi mwanangu tezo, randa na nyundo. Kabla sijanyamaza, niseme neno moja ambalo mafundi mashua vijana wa kisiwa cha Rusinga wanalipinga hadi leo.

Nilizaliwa wakati safari ya kutoka kisiwani kwenda Mbita, bara, ilikuwa ya mtumbwi. Baba alivusha abiria, nami nikaacha shule mapema nikashika kasia. Mwaka 1983 tuta la mawe na udongo likaunganisha kisiwa na bara. Magari yakapita, kazi yetu ikaisha. Mkubwa mmoja aliwaahidi wavushaji kazi nyingine, kisha hatukumwona tena. Wenzetu wengine walikaa ufukweni miaka mingi wakilisubiri tuta libomoke.

Mimi nilikwenda kwa jaduong' mmoja, yaani mzee, fundi wa mashua. Samaki aina ya mbuta walikuwa wamejaa ziwani, viwanda vikiwanunua kwa soko la Ulaya, na kila mvuvi alitaka chombo kikubwa. Mzee alinifundisha mkuku, mataruma na mbao, lakini kwenye kalafati, kazi ya kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba, hakuwa na mzaha. Nilipoishindilia pamba kwa nguvu zangu zote, aliing'oa.

"Mbao hii ni kavu, mwanangu. Ikiingia ziwani itanywa maji, itavimba. Usipoiachia nafasi, itasukuma wenzake mpaka misumari ilegee."

Vijana hushindilia mpaka mwisho, kwa kuwa mteja hupenda mashua isiyovuja hata tone siku ya kwanza. Mashua ya jaduong' ilivuja kidogo, ikatolewa maji, kisha mbao zikakumbatiana. Nimekarabati mashua za namna zote mbili, na neno langu halijabadilika: mbao iachiwe nafasi.

Ndivyo nilivyoishi, nikiyaachia mabadiliko nafasi. Ulaya ilipofunga soko lake kwa samaki wa ziwa letu mwaka 1999, niliunda mashua za wavuvi wa dagaa wa omena, wale wanaovua usiku kwa taa za karabai. Vizimba vya kufugia samaki wa ngege vilipokuja, niliunda fremu zake. Tuta nalo limepisha daraja, maji yanapita tena chini yake, lakini abiria wamebaki kwenye pikipiki na matatu. Waliosubiri hawakurudishiwa chochote.

Vijana, ziwa hili halitawaomba ruhusa. Mabadiliko yakifika, msiyapige ngumi. Ulizeni wavuvi wanahitaji nini sasa, kisha mfanye kazi hiyo kwa ustadi uleule. Na kwenye kalafati, iachieni mbao nafasi.