Usiku wa Kidato cha Nne



Wazee wenzangu mlioko Mombasa, Malindi na Lamu, nawaandikia kutoka Kakamega, ambako kazi ya kusomesha chuoni imeniweka kwa miaka kumi na saba. Muhula huu binti yangu, aliyeko kidato cha nne, alirudi na barua ya shule. Wazazi tulitakiwa kuchangia "promu": karamu ya jioni, gauni refu kwa wasichana, suti kwa wavulana, kisha dansi.

Neno hilo limetoka Marekani; ni mkato wa neno lenye maana ya matembezi ya fahari. Nako Poland wanafunzi hukutana takriban siku mia moja kabla ya mtihani wa kumaliza shule, wakaanza kwa polonaise, ngoma ya heshima ambayo wawili wawili hutembea kwa mpango. Wala tusijidai kuwa kwetu Kenya jambo hili ni geni. Zamani kulikuwa na "fanki": basi la shule ya wavulana laja Jumamosi katika shule ya wasichana, asubuhi ni mjadala wa masomo, alasiri ni muziki. Mimi nilikuwa darsani siku zote hizo, lakini sitasema kwamba sikutamani.

Binti hakumaliza ombi lake. Nilimjibu, "La." Akainamisha kichwa, "Naam, Baba." Nikafurahi kwa utiifu wake.

Siku ya tatu mama yake akanieleza kwamba mtoto amemwambia mwalimu hatahudhuria, kwa kuwa anasafiri Mombasa kumzika bibi yake. Mama yangu yu hai, alhamdulillahi. Asubuhi ile ile alikuwa amenipigia simu kuniuliza bei ya mahindi huku bara.

Nilimwita baada ya Isha. Nilikuwa nimeandaa maneno makali juu ya uongo, na juu ya kumzika mtu aliye hai. Akasema kwa sauti ndogo, "Nimekosa, Baba. Wenzangu waliniuliza sababu, nami sikuwa nayo. Uliniambia la tu."

Maneno yangu makali yakaniishia. Kweli, sikuwa nimempa sababu. Chuoni mtoto wa watu akiniuliza hukumu, humpa na dalili yake. Wangu wa kumzaa nilimpa herufi mbili. Basi nikamweleza habari ya mchanganyiko wa wavulana na wasichana, na ya usiku usio na msimamizi. Akasikiliza, kisha akauliza, "Na Bibi, si alicheza lelemama?" Nikasema alicheza, wanawake kwa wanawake. "Kwa hiyo la muhimu ni nani aliyemo." Nikakubali.

Kesho yake aliomba msamaha kwa mwalimu wake, nami nikaenda kuonana na mkuu wa shule. Kumbe chakula na utoaji wa vyeti vingetangulia, dansi ikafuata. Tukakubaliana, mimi na wazazi wa wasichana wengine wanne wa Kiislamu, kwamba wetu wahudhurie sehemu ya kwanza kwa mavazi ya stara, kisha tuwachukue langoni.

Usiku ule nilifika mapema mno, kama kawaida ya mwenye wasiwasi. Binti akatoka na cheti chake, akaketi kando yangu. Mara kutoka ukumbini, kabla ya muziki wa mitambo, kikundi cha shule kikaanza isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa hapa Kakamega, ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha miongoni mwa urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa haraka. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zikajibizana, na pembe ikalia juu yake.

Nilikuwa nimekwisha washa gari.

"Baba, ngoja kidogo. Nasikiliza tu."

Nikalizima.