Moto wa Baharini na Haki ya Walio Pwani



Moto ni neema ambayo aghalabu hatuikumbuki mpaka ituishie. Utotoni tulitumwa kuni. Leo katika nyumba nyingi za mwambao kuni zimeupisha mtungi, na mtungi ukiisha kabla ya mwisho wa mwezi, wa kwanza kujua ni mama. Ndiyo maana hatukushangaa mama mmoja alipotuuliza katika darsa ya alasiri: "Sheikh, twasikia Msumbiji kuna meli itoayo gesi baharini. Hao ni jirani zetu. Mbona sisi bei ya mtungi haishikiki?" Tuliahidi kumjibu kwa kalamu.

Meli hiyo yaitwa Coral Sul. Imetia nanga mbele ya pwani ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, mahali ambapo kina cha maji chapata mita 2,000. Iliundwa Korea Kusini, ikakokotwa hadi Msumbiji mwanzoni mwa mwaka 2022, na shehena yake ya kwanza ikaondoka Novemba mwaka huo huo. Urefu wake ni mita 432, yaani hata viwanja vinne vya mpira vikipangwa kwa urefu haviufikii. Gesi hupanda kwa mabomba kutoka chini ya sakafu ya bahari, husafishwa, kisha hupozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Kwa baridi hiyo hugeuka kimiminika, na nafasi iliyokuwa ikiijaza hupungua kiasi cha mara 600. Hapo ndipo meli nyingine huja kuipakia na kuipeleka ng'ambo. Uwezo wake ni tani milioni 3.4 kwa mwaka.

Sasa tujibu swali. Kwanza, gesi hiyo siyo iliyomo mtunguni mwetu. Ya mtungi ni propani na butani. Ya Coral Sul kwa sehemu kubwa ni methani, inayofaa mitambo ya umeme na viwanda. Pili, ilikwisha kuuzwa kabla ya kutoka: kampuni ya BP iliinunua yote kwa mkataba wa miaka 20. Kwa hiyo si mtungi wa Mombasa tu usiopata nafuu. Hata taa ya mtoto wa Palma, aliye karibu zaidi, haiwashwi na gesi hiyo.

Na Palma si ugeni kwetu. Watu wa Palma na Mocímboa da Praia ni watu wa mwambao kama sisi: misikiti, majahazi, na lugha ya Kimwani iliyo jamaa ya Kiswahili. Wamakonde wenzetu wa Kwale wana asili yao huko. Tangu Oktoba 2017 vita vimeua maelfu na kuwatoa mamia ya maelfu majumbani mwao. Palma iliposhambuliwa Machi 2021, mradi mkubwa wa gesi wa nchi kavu ulisimamishwa, lakini ule wa baharini uliendelea. Meli yaweza kukaa mbali na ufuo wenye moto. Mama aliyebeba mwana mgongoni hana pa kutia nanga.

Hatusemi kuwa gesi ni shari. Tanzania, gesi ya Songo Songo hufika Dar es Salaam kwa bomba tangu mwaka 2004, nayo huzalisha umeme unaotumiwa na wananchi. Tofauti ni kwamba huko bomba la kuja nyumbani lilipangwa tangu mwanzo.

Tumesomeshwa madrasani kwamba maji, malisho na moto ni vitu ambavyo watu hushirikiana. Tumesomeshwa pia kuwa deni huandikwa. Msumbiji imeandika: sheria ya Desemba 2023 imeunda hazina ya taifa ya kuwekewa asilimia 40 ya mapato ya gesi kwa miaka 15 ya mwanzo. Ni hatua njema. Lakini amana haitimii kwa wino. Hutimia siku mwenye haki anapokabidhiwa haki yake, na wenye haki ya kwanza ni wale walio pwani.

Kina baba na kina mama, miradi ya bahari haitakoma Msumbiji. Ikitufikia, tuulize mapema, kabla ya saini: fungu gani litabaki hapa, wavuvi watavua wapi, na nani atafunzwa kazi? Swali la mwisho lina jibu nyumbani kwetu. Binti anayependa hesabu asiambiwe kuwa mitambo si kazi yake. Huenda ndiye atakayeusoma mkataba na kuuelewa. Wala tusiwasahau ndugu zetu wa Cabo Delgado katika sadaka na dua.

Mwenyezi Mungu awarejeshe majumbani mwao kwa amani, na atujaalie kuwa waaminifu wa neema Zake. Amin.