Jina Tulilojipa

Kwa miaka mingi tulijiita wavutaji, kama mtu atajavyo kabila lake, jambo asilolichagua wala asiloweza kuliacha. Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Tangu alfajiri hadi magharibi, takriban saa 13, hatukugusa sigara, na hakuna aliyetusimamia ila Mola wetu.

Jioni moja binti yetu mdogo aliandaa futari. Kando ya tende akaweka kibiriti. Alidhani nacho ni katika sunna ya kufuturu. Tuliona haya.

Ndipo tulipofahamu kuwa uvutaji si nasaba, ni tendo, na tendo huachwa. Nikotini ina nguvu, hatukatai. Lakini mkono uliojizuia mchana kwa ajili ya Allah hauwezi kudai usiku kwamba umeshindwa. Tumwombe msaada, wala jina hilo tusiwarithishe wanetu.