Siku Moja Kanchanaburi: Asubuhi Reli ya Kifo, Mchana Tembo

Ukitaja Bangkok kwa watu wa Dar au Nairobi, wengi wanawaza mzigo: nguo, viatu, vipuri vya simu, na masanduku mawili ya kurudi nayo. Wanaokwenda fungate wao wanawaza fukwe za Phuket. Lakini kilometa kama 130 tu magharibi ya Bangkok kuna mji uitwao Kanchanaburi. Huko, kwa siku moja, wewe na mwenzi wako mnaweza kutembea juu ya historia ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia na kumtazama tembo akila kwa raha zake. Hoteli nyingi za Bangkok huuza safari hii pamoja na mwongozaji. Gari huja saa 12 asubuhi, mnarudi usiku mkiwa hoi.

Mimi na mume wangu tuliifanya. Kama mnatafuta siku ya kucheka tu, kuna maduka na fukwe. Hii ni siku ya kuongea.

Vijana wa rika letu

Kituo cha kwanza ni makaburi ya vita. Nyasi zimekatwa kama zulia, maua yamepandwa katikati ya mawe, na karibu watu 7,000 wamezikwa hapo, wengi wao Waingereza, Waaustralia na Waholanzi. Soma umri ulioandikwa: miaka 21, 24, 27. Mume wangu, ambaye kwa kawaida hakosi utani, alinyamaza kabisa.

Jirani na makaburi kuna makumbusho ya Thailand–Burma Railway Centre, na humo ndimo mambo yanapoeleweka. Mwaka 1942 jeshi la Japani lilikuwa limeshaiteka Burma, Myanmar ya leo, na meli zake za kupeleka silaha na chakula zilikuwa hatarini baharini. Likaamua kujenga reli ya kilometa 415 katikati ya misitu na milima. Mateka wa kivita zaidi ya 60,000 walitumikishwa, pamoja na vibarua wa Kiasia wanaokadiriwa kufika 200,000: Watamil, Wamalay, Waburma, Wajava na wengineo. Kazi ilikamilika Oktoba 1943. Mateka zaidi ya 12,000 walikufa kwa njaa, kipindupindu, malaria na kipigo. Vibarua wa Kiasia waliokufa wanakadiriwa kuwa 90,000, lakini majina yao huyaoni kwenye mawe yale mazuri.

Usidhani hayo ni mambo ya Wazungu na Wajapani peke yao. Askari ambao reli hii ilijengwa kuwalisha ndio hao hao waliopambana na babu zetu wa KEYA. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, iliwasukuma Wajapani kupitia bonde la Kabaw, kwenye mvua na matope, hadi Kalewa. Kama kwenu kulikuwa na mzee aliyezoea kusema "nilikuwa Bama", basi reli hii inamhusu na yeye.

Daraja lenyewe

Wengi huja kwa sababu ya ile sinema ya mwaka 1957, The Bridge on the River Kwai. Hapa jiandae kushangaa: sinema ilipigwa Sri Lanka. Mto huu nao haukuwa na jina hilo wakati wa vita. Ulipewa jina jipya miaka ya 1960, kwa kuwa watalii walikuwa wakija kuulizia mto Kwai.

Daraja hata hivyo ni la kweli, la chuma kilicholetwa kutoka Java. Liangalie vizuri: vipande vyenye upinde ni vya asili, viwili vilivyonyooka viliwekwa baada ya vita, mahali palipopigwa mabomu. Mnaruhusiwa kutembea juu yake, na treni ikija mnajibana pembeni. Kisha pandeni hiyo treni. Inakwenda polepole, madirisha wazi, na pale Tham Krasae inapita juu ya magogo yaliyobandikwa ubavuni mwa jabali, mto ukiwa chini kabisa. Kushikana mikono hapo si mahaba tu, ni woga pia.

Mwongozaji wetu alingoja tushuke ndipo akasema jambo ambalo sikulitarajia: tembo nao walitumikishwa kwenye reli hii, wakivuta magogo sambamba na wanadamu.

Kupanda au kutazama?

Baada ya chakula likaja swali. Kwenye ratiba kulikuwa na "kukutana na tembo", na tulitakiwa kuchagua: kambi ya kupanda mgongoni, au kituo cha kulelea tembo ambako hawapandwi. Mume wangu alitaka kupanda. Rafiki yake wa kazini ana picha hiyo ukutani, na isitoshe, alisema, tumeshalipa. Mimi nikagoma. Tukabishana mbele ya watu, kwa Kiswahili, tukiamini hakuna anayetuelewa. Sura zetu zilitosha.

Nilimkumbusha Mikumi. Ukipita na basi la Iringa unamwona tembo kando ya barabara, na hakuna abiria anayefikiria kushuka akampande. Tunajua yule ni mnyama wa porini. Wa Thailand naye ni wa porini. Tofauti ni kwamba alivunjwa nguvu akiwa mdogo. Kwa desturi ya zamani hutenganishwa na mama yake, hufungwa na kupigwa mpaka amwogope binadamu. Thailand ilipopiga marufuku ukataji miti kwenye misitu yake mwaka 1989, tembo wengi waliokuwa wakivuta magogo walikosa kazi, na wenye nao wakageukia watalii.

Mwongozaji akaongeza habari ya chui milia. Kanchanaburi palikuwa na hekalu la Kibuddha lililojaa wageni wanaopiga picha na chui hao. Mwaka 2016 serikali ilipoingia, iliondoa chui 137, na ndani ya friza wakakutwa watoto 40 wa chui wakiwa wamekufa. Kufikia 2019 zaidi ya nusu ya waliochukuliwa walikuwa wameshakufa.

Mume wangu alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Asubuhi nimewalilia watu waliofanyishwa kazi kwa fimbo. Siwezi kwenda kulipia fimbo mchana." Tukaenda kutazama.

Tulikatakata maboga na kufinyanga matonge ya wali kwa ajili ya vikongwe wasio na meno ya kutafunia. Kisha tukakaa mbali, kivulini, tukimwangalia ajuza mmoja mwenye masikio yaliyochanika akijipaka matope. Hakufanya sarakasi yoyote. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote siku ile.

Kabla hamjalipa

Nendeni kati ya Novemba na Februari, joto likiwa limepungua. Vaeni viatu vya kutembelea. Mkiwa na siku mbili, ongezeni Hellfire Pass, jabali lililopasuliwa kwa nyundo na patasi, usiku kwa mwanga wa mienge.

Ulizeni maswali mawili: je, tembo wanapandwa? Je, wageni wanawaogesha? Jibu likiwa ndiyo, tafuteni pengine. Hata kuwaogesha si mchezo: Januari 2025 mtalii kutoka Hispania aliuawa kusini mwa Thailand na tembo aliyekuwa akimwogesha.

Na kama kwenye ukoo wenu kuna mtu aliyekwenda Bama, waulizeni watoto wake kabla ya safari. Sisi tuliuliza tuliporudi, na shangazi yake mume wangu akatoa sandukuni picha ambayo hatukuwahi kuiona.