Buibui wa Miiba Sita

Jumamosi iliyopita binti yangu aliniita nyuma ya nyumba yetu hapa Buyenzi, Bujumbura. Baina ya mpera na kamba ya kuanikia nguo alitanda buibui jike, mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba, mgongo wake mgumu umezungukwa na miiba sita. Mama yake alikwisha kuinua ufagio. Nilimsihi angoje, nikampiga yule buibui picha kwa simu.

Tulipoikuza picha, binti yangu alihesabu miguu minane. Nikanyamaza. Zamani, nilipokuwa mwalimu kijana, niliwafundisha watoto kwamba buibui ni mdudu kama nzi. Mwanafunzi mmoja alinipinga. Nikamsimamisha pembeni hadi kengele ilipolia. Kumbe alisema kweli: wadudu wana miguu sita.

Kitabuni tulimtambua kuwa wa jamii ya Gasteracantha, jina lililotokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya tumbo na mwiba. Hana hatari kwa watu; hula wadudu wadogo wanaonaswa utandoni. Ufagio ukarudi mlangoni.

Ndugu wasomaji, mtoto akitukosoa, tuhesabu kwanza kabla ya kumwadhibu.