Mapumziko Yetu Kisiwani Unguja



Sisi watu wa bara tusikiapo kuwa fulani amekwenda kisiwani kupumzika, fikra zetu huwaendea Wazungu walalao juani katika visiwa vya Bahari ya Mediterania, ile ambayo Waarabu wa kale waliiita Bahari ya Rumi, na aghalabu husema moyoni kwamba mambo hayo si yetu. Safari ya Mwislamu, twasema, ni hija, au elimu, au biashara, au kuunga udugu. Nasi tulikuwa miongoni mwa wasemao hayo, tena kwa sauti, mbele ya wanafunzi wetu hapa Manyoni, mpaka mwezi wa Juni, 2025.

Kisa chenyewe ni hiki. Ahali yetu ameishi nasi miaka 31. Katika muda huo haikupita siku ila aliamka kabla ya adhana ya Alfajiri kuwasha moto, kwani nyumba yetu haikosi wanafunzi wa vijijini walalao kwetu, nao hawana budi kula. Mwaka 2024 akashikwa na maradhi ya shinikizo la damu. Tabibu alimpa dawa, akamwambia na kupumzika. Tulipofika nyumbani tukamwambia, "Umesikia, mama, pumzika," kisha jioni ile ile tukauliza mbona chakula kimechelewa. Twaona haya kuyaandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Binti yetu aliyeolewa Dodoma akatuletea fedha, akasema, "Baba, hizi ni za safari. Mpeleke mama Unguja akaione bahari." Tukazipokea, tukamwombea dua, na siku ya tatu tukazipeleka dukani kulipia mabati ya darasa moja la madrasa ambalo paa lake huvuja. Tulidhani tumetenda jema, na kwamba thawabu zake zingemfikia mama na binti pia, japokuwa hakuna hata mmoja wao tuliyemtaka shauri. Ahali yetu hakugomba. Alinyamaza mpaka baada ya Isha, ndipo akasema, "Maalim, tangu unioe sijakuomba kitu ila mahitaji ya nyumba. Hili naliomba."

Usiku ule usingizi ulitupotea. Ikatujia hadithi tuliyoisomesha mara nyingi, iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, ya Ummu Haram binti Milhan (R.A.). Mtume (S.A.W.) alilala nyumbani kwake mchana, akaamka anacheka, na alipoulizwa akaeleza kuwa ameonyeshwa watu wa umma wake wakipanda bahari kama wafalme juu ya viti vyao. Bibi yule akamwomba amwombee Mungu awe mmoja wao. Hakuambiwa, "Wewe ni mwanamke, bahari ya nini?" Aliombewa, na katika zama za Khalifa Uthman (R.A.) akavuka pamoja na mumewe, Ubada bin Samit (R.A.), mpaka kisiwa cha Cyprus, katika bahari hiyo hiyo ya Wazungu tuliyoitaja. Huko alianguka kutoka juu ya mnyama wake akafa, na kaburi lake laonyeshwa mpaka leo kando ya ziwa la chumvi la Larnaca. Yeye alikwenda katika jihadi, si katika kupumzika. Hilo twalijua, na wala hatukuwa tukitafuta hukumu ya fikihi usiku wa manane. Tulikuwa tukiona aibu tu, kwamba bibi yule aliomba mara moja akapewa.

Asubuhi tukarudi dukani kutaka fedha zetu. Mwenye duka alitucheka kidogo, akaturudishia.

Tulichukua madumu mawili ya asali, maana asali ndiyo sifa ya wilaya yetu, tukapanda basi hadi Dodoma, na kutoka Dodoma tukapanda ile treni ya umeme iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024. Sisi tuliozoea reli ya zamani, iliyokuwa ikitulaza njiani, tulifika Dar es Salaam kabla hatujamaliza kusimuliana. Kesho yake tukaingia botini. Mwendo ni kiasi cha saa mbili, na kwa saa zote mbili ahali yetu alitushika mkono akisoma Ayatul Kursiyyu. Tulipotua Unguja alishuka ufukweni, akainama, akachovya kidole akaonja. "Ni chumvi kama Singidani," akasema, akikusudia lile ziwa la mjini Singida, "ila hili halina ng'ambo."

Hapo tena tukafanya kosa la pili. Tulikuwa na orodha yetu mfukoni. Siku ya kwanza tukamtembeza Mji Mkongwe: Msikiti wa Malindi wenye mnara wa duara uliochongoka, kisha Ukutani, alikosomesha Sheikh Abdallah Bakathir, aliyefariki mwaka 1925, na ambako wengi wa masheikh wa Afrika ya Mashariki wana deni la elimu. Siku ya pili tukamchukua Kizimkazi Dimbani, kwenye ule msikiti ambao ukuta wake wa kibla una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika mawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia. Tulisimama mbele ya maandishi yale tukilia. Mtu aliyefundisha alifu na bee maisha yake yote, akaona herufi zilizochongwa zaidi ya miaka 900 iliyopita, atafanyaje? Tukatoa daftari tukaanza kunakili. Tulipotoka nje tulimkuta ahali yetu amekaa chini ya mti, amevua viatu, miguu imevimba.

"Maalim," akasema, "wewe umekuja Unguja kufanya kazi. Mimi nimekuja kukaa."

Daftari likarudi mkobani, na halikutoka tena.

Siku tano zilizobaki tulikaa Jambiani, pwani ya mashariki, nyumbani kwa mwanafunzi wetu wa zamani aliyeoa huko. Kwa kuwa tulinuia kukaa zaidi ya siku nne tulisali kamili, bila ya kukasiri, nasi tulifurahi kusali msikitini na wavuvi. Ama ahali yetu, asubuhi ya kwanza aliamka gizani akatafuta ufagio. Mke wa mwenyeji wetu akamnyang'anya. Akaenda jikoni, akatolewa. Alikaa barazani mikono mapajani kama mtu aliyefiwa, hajui aiweke wapi mikono ile. Siku ya pili alikula pweza wa nazi bila ya kuuliza kapikwa vipi. Siku ya tatu, baada ya Adhuhuri, upepo wa kusi ukivuma, alilala usingizi mzito juu ya mkeka, nasi tukakaa mlangoni tukizuia watoto wasimwamshe. Katika miaka 31 hatukuwa tumemwona amelala mchana, isipokuwa kwa maradhi au uzazi.

Siku ya mwisho maji yalikupwa mbali, na wanawake wa kijiji wakashuka kwenye mashamba yao ya mwani. Zao hili lilianza pwani hiyo mwaka 1989, nalo lipo mikononi mwa wanawake zaidi kuliko wanaume. Huufunga mwani katika kamba, hupiga vigingi mchangani, na baada ya kiasi cha wiki sita huvuna. Walieleza kuwa siku hizi maji yamepata joto, na ile aina yenye bei nzuri hufa. Ahali yetu aliwasikiliza kwa makini, akawaambia kwetu nao mtama hufa, kwa jua. Kisha akafunga kanga yake, akatuachia viatu, akaingia majini pamoja nao mpaka magotini. Sisi tulibaki ufukweni na viatu mkononi. Tulimsikia akicheka kabla ya kumwona.

Tumerudi Manyoni. Dawa angali anakunywa. Moto wa Alfajiri sasa wawashwa kwa zamu na wanafunzi wakubwa, nasi zamu yetu ni Ijumaa, ingawa uji wetu hausifiwi. Darasa bado lavuja, na mvua zikianza, watoto wa juzuu ya Amma watahamia barazani kwetu.

Juzi alituuliza ni lini tutakwenda tena. Tukamjibu, "Inshallah."

Akatutazama, akasema, "Inshallah ya kweli, Maalim, au ile ya mabati?"