Scar Alijenga Ngome, Watu Wakalalamikia Rangi

Wasee, mnamkumbuka Scar? Yule baba mdogo wa Simba kwenye The Lion King ya 1994, aliyemuua kaka yake akachukua ufalme, halafu nchi yote ikabaki mifupa na vumbi. Ile sauti ni ya Jeremy Irons, mwigizaji Mwingereza. Sasa sikieni hii. Mwaka 1998 mwenye hiyo sauti alinunua ngome iliyobomoka huko Ayalandi, akatumia kama miaka sita kuirudisha iwe nyumba ya kuishi. Kwa katuni alibomoa, maishani akajenga. Na alipomaliza kuta za nje, unajua watu waliongea nini? Rangi.

Ngome yenyewe inaitwa Kilcoe. Iko kaunti ya Cork, kusini magharibi mwa Ayalandi, juu ya kisiwa kidogo kwenye ghuba ya Roaringwater. Ilijengwa karibu mwaka 1450 na tawi moja la ukoo wa MacCarthy. Hiyo "Mac" maana yake ni "mwana wa", venye Wakalenjin husema "arap" na watu wa Pwani husema "bin". Na ukoo huko ulikuwa zaidi ya jina la kuandika kwa fomu. Ardhi ilishikwa kwa ukoo, na mkuu hakuwa lazima awe kifungua mimba wa mkuu aliyekufa. Wanaume wa damu ile walimchagua mmoja wao.

Halafu Uingereza ikataka kisiwa chote. Mwaka 1601 Wahispania walishuka Kinsale, kwa pwani hiyo hiyo ya Cork, kuwasaidia Waayalandi. Wakuu wa kaskazini, Hugh O'Neill na Hugh O'Donnell, wakatembeza majeshi yao nchi nzima katikati ya baridi kuja kuungana nao. Wakapigwa. Ngome nyingi zikaanguka, lakini Kilcoe ilikaza hadi 1603, ikawa kati ya zile za mwisho kabisa kusalimu amri. Mwaka 1607 wakuu wa kaskazini wakapanda meli wakaenda Ulaya, wakaacha ardhi, na ardhi ikapewa walowezi. Sisi Wakenya hatuhitaji kuelezwa sana hiyo sehemu. Taji ni lile lile, ni vile tu kwetu lilifika kama miaka 300 baadaye.

Lakini kitu kimenishika zaidi ya vita ni paa. Ngome haikumalizwa na mizinga. Baadaye paa liliondoka, na likiondoka paa, mvua haihitaji haraka. Maji yanaingia kwa kichwa cha ukuta, yanalainisha kile kinachoshika mawe, mimea inaota kwenye nyufa, mizizi inasukuma. Kuta za Kilcoe zilikuwa nene sana ndio maana zilisimama. Kwa karne kadhaa zilikaa hivyo, ndege wakiingia na kutoka.

Kurudisha jengo kama hilo ni kazi ya mikono. Mawe ya zamani yalishikwa kwa chokaa, na fundi yeyote wa Lamu atakuambia kwa nini: chokaa inapumua. Ukuta ukinyonya maji, chokaa inayaachia yatoke. Ukipaka saruji juu yake, maji yanafungiwa ndani na ukuta unaoza polepole. Na kuna kitu kingine nilikipenda sana kwa minara ya Ayalandi ya enzi hizo. Ili kujenga dari ya mawe yenye upinde, mafundi walisuka fito kama mkeka mkubwa, wakaukunja, wakamwaga chokaa na kupanga mawe juu yake. Ikikauka, wakatoa mkeka. Mpaka leo ukiinua macho kwenye minara mingi, unaona alama za fito, kama mtu alitoka jana. Fito zile zile tunazosukia nyumba za udongo.

Sasa turudi kwa rangi. Kuta za nje za Kilcoe zilipotoka zikiwa rangi ya kutu, kati ya chungwa na udongo wa chungu, watu walishtuka. Wengine wakasema ameipaka waridi, ameharibu historia. Kumbe minara mingi ya enzi zile haikuwa mawe matupu. Ilipigwa lipu ya chokaa ikapakwa, ing'ae, adui na mgeni waione kutoka mbali. Ule ukijivu ambao watu walitaka kuulinda ulikuja baadaye, lipu ikishabanduka. Walizoea kidonda hadi wakadhani ndiyo ngozi.

Hapo ndipo hii hadithi iliacha kuwa ya Ayalandi kwangu. Guka alijenga nyumba ya mawe Murang'a, mawe ya kuchonga na udongo katikati. Alipofariki, mabati yalitolewa yakagawanywa, kila mtu na yake. Hiyo ni miaka minane sasa. Nyuma ukuta umelala, na kwa chumba chake cha kulala kumeota mti wa mapera. Nikisema tuezeke, binamu zangu wananiambia, "Wacha ikae hivyo, ni kumbukumbu." Wanapiga picha hapo wakienda Krismasi. Picha zinatoka poa, siwezi kataa. Lakini Guka hakujenga gofu. Alijenga nyumba. Tunachopiga picha ni yale mabati tuliyogawana.

Najua mtaniuliza, si huyo Irons ana pesa? Anayo. Na Kilcoe ni nyumba yake binafsi, kwa hivyo wa ukoo wa MacCarthy akitoka Marekani kutafuta mizizi, ataiangalia akiwa nje. Mwingereza ndani, mwenye jina nje. Hiyo inauma, na sitaifunika. Kuna njia nyingine: ngome ya Bunratty, iliyojengwa na ukoo wa MacNamara, ilinunuliwa mwaka 1954 ikiwa imechakaa, ikarekebishwa, na miaka ya 60 ikafunguliwa kwa kila mtu. Ningependa ziwe nyingi za aina hiyo. Lakini kati ya ngome yenye paa niliyofungiwa mlango na gofu lililo wazi linaloisha, nitachagua paa. Mlango unaweza kufunguliwa na kizazi kingine. Ukuta ulioanguka hauna kizazi kingine.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sina pesa za Scar. Nimeongea na fundi mmoja kule kwetu, ameniambia kuta tatu bado ni nzima, na mvua ndefu ikizipata wazi mara nyingine mbili tatu hatarudi kuniambia hivyo. Kwa hivyo Jumamosi naenda kuketi na baba na ndugu zake, na nitaomba kitu kimoja tu: kila mtu arudishe mabati aliyobeba, au bei yake.

Rangi tutabishana tukiwa ndani. Na wewe, kwenu paa lilienda aje?